Kutoa deni kwa Banque Lambert na kulileta ndani ya AVEC

Mwezi wa tisa, wakati wa kupanda msimu A, franga inakuwa nguvu kupata kijijini. Mbegu ya maharagi iko bei, watoto wanarudi masomoni, na njo wakati Banque Lambert inafanya kazi. Wote tunaijua. Haina ofisi wala kibao: ni mtu mwenye franga, anakopesha palepale bila kuuliza mengi. Riba ya 30 ao 50 kwa 100 kila mwezi si ajabu kwake.

Wanamemba wanatuuliza: AVEC inaweza kunikopesha nilipe deni hilo, kisha nibaki nikidaiwa na kikundi tu? Ndiyo, inaweza, na mara nyingi tunashauri hivyo. Lakini tupige hesabu kwanza.

Tuseme mama mmoja alikopa dola 100 mwezi wa tisa, kwa riba ya 30. Kila mwezi analeta dola 30, na ile 100 inabaki palepale. Mwezi wa kwanza, maharagi yakisha kuuzwa, amelipa riba mara 4, ni dola 120. Akitoa na ile 100, jumla ni 220. Sasa tuseme kisha kulipa riba ya kwanza, alichukua dola 100 katika AVEC yenye riba ya 5 kwa mwezi, akafunga deni la kwanza siku ileile. Miezi 3, riba ni 15. Ukiongeza ile 30 ya mbele na mtaji wenyewe, yote ni dola 145. Dola 75 zinabaki nyumbani. Tena riba ya AVEC inaingia ndani ya sanduku lenu wenyewe, na siku ya kugawana sehemu yake inamrudilia.

Fasi watu wanaumia ni siku yenyewe ya kuhamisha. Mkopeshaji akishaona mwezi mpya umeingia, hata kwa siku moja, anadai riba ya mwezi mzima. Basi mufike kwake mbele ya tarehe. Wengi wao hawakubali nusu-nusu, wanataka mtaji wote pamoja; kwa hiyo mkopo wa kikundi utoshe kufunga deni zima, la sivyo mama atabaki na madeni mawili na muzigo umeongezeka. Na karatasi aliyotia saini, ao kinga ya pikipiki, ao karatasi ya shamba aliyoweka rehani? Hiyo irudi mkononi kabla franga haijahesabiwa. Karatasi ikibaki kule, deni lingali hai.

Sisi tunaona ni heri komite isimpe mwanamemba franga mkononi. Watu wawili wa komite wamsindikize, walipe mbele ya mashahidi, waandike katika karne. Si kumdharau. Nyumbani kuko mtoto mgonjwa, kuko msiba, na franga ya deni inakwisha njiani.

Kuko na mipaka. AVEC nyingi hazitoi mkopo kupita mara 3 ya akiba ya mtu, wala kupita miezi 3. Mwenye akiba ya dola 20 hawezi kufunga deni la 100 kwa njia hii. Deni kubwa lipelekwe kwa COOPEC, ile yenye ruhusa ya Banque Centrale, jinsi sheria inavyotaka. Muombe kuona ruhusa hiyo. Hapo muulize maneno mawili: dosye inalipwa ngapi, na riba inahesabiwa juu ya nini. Dola 100 kwa miezi 6, riba 3 kwa mwezi, ikihesabiwa juu ya mtaji wa mwanzo mpaka mwisho, ni dola 18. Ikihesabiwa juu ya mtaji unaobaki, kwa mtu anayepunguza sawasawa kila mwezi, ni dola 10 na nusu. Wote wawili watakuambia "3 kwa 100".

Kama mavuno yanaingia posho ijayo na franga ya kufunga deni iko karibu, usihangaike kuhamisha. Dosye peke yake inaweza kula faida. Na yule aliyeuza maharagi yake yangali shambani kwa nusu ya bei, huyo naye anadaiwa, hata kama hakuna aliyetamka neno riba. Aje kwa komite vilevile.