Kambare: Samaki wa Matope, Kitoweo cha Watoto

Kambare anasemwa vibaya katika nyumba nyingi. Hana magamba, anateleza, ana ndevu, anaishi matopeni. Wengine humwita nyoka wa majini. Basi hutokea kambare akapikwa, wakubwa wakala, na mtoto aliyeachishwa ziwa akapewa uji mtupu. Huo ni mlango wa utapiamlo.

Kambare si nyoka. Ni samaki kamili mwenye mapezi na matamvua. Ndevu zake, jozi nne, ni za kupapasia na kuonja, kwa maana macho yake ni madogo na maji yake ni ya tope. Hula karibu kila kitu: wadudu, konokono, samaki wadogo, hata mizoga. Wafugaji huweka kambare wachache bwawani pamoja na perege ili wale vifaranga visizidi kiasi.

La ajabu zaidi ni pumzi yake. Juu ya matamvua ana kiungo chenye matawi kama mti mdogo, ambacho humwezesha kuvuta hewa ya juu kama sisi. Ndiyo maana dimbwi likikauka perege hufa, naye hubaki hai topeni. Usiku wa mvua huweza kujikokota juu ya nyasi mbichi akitafuta maji mengine. Anayemkuta njiani hana haja ya kukimbilia kwa mganga!

Tabia hiyo itusaidie sokoni. Kambare hukaa saa nyingi nje ya maji akiwa hai, hivyo mama anaweza kumchagua anayetikisika bado. Lakini mkiona samaki wengi wameelea mtoni wamekufa kwa pamoja, msiokote. Wapo watu waovu wanaovua kwa kutia dawa za mashambani majini, na kupika hakuondoi sumu hiyo.

Kuhusu magamba, Sheria ya Musa iliwakataza Waisraeli samaki wa namna hii (Walawi 11). Sisi Wakatoliki hatufungwi na katazo hilo, ila tusiwadhihaki jirani zetu wanaolishika.

Ukimfikisha nyumbani, msugue kwa majivu au chumvi ute utoke, toa matumbo yote, osha vizuri, upike mpaka nyama iachane na mfupa. Gramu 100 za nyama yake mbichi zina protini kama gramu 16. Vimiba vidogo vidogo ni vichache kuliko vya samaki wengi, lakini kwa mtoto aliyetimiza miezi sita chambua kwa vidole, ponda, changanya katika uji mzito au viazi. Hana haja ya pilipili. Kambare wa kubanikwa naye ni mzuri. Mchemshe tena kabla ya kula, na aliyeota ukungu mtupe. Kamwe usimpulizie dawa ya wadudu ili asiliwe na funza.

Wavuvi na watoto wajihadhari na miiba miwili migumu iliyo katika mapezi ya kifuani. Aliyechomwa aoshe jeraha kwa maji safi na sabuni, kisha alichovye katika maji ya moto kiasi cha kuvumilika, yasiyomuunguza, kwa nusu saa au zaidi. Asipake kinyesi cha ng'ombe wala udongo. Aende zahanati siku hiyohiyo akaulizie chanjo ya pepopunda, hasa ikiwa kipande cha mwiba kimebaki ndani au mkono umevimba.