Unga Mweupe Uuao Vijidudu kwa Mwanga

Weupe wa rangi ya ukuta mara nyingi hutokana na unga uitwao titani dioksaidi. Labda hukujua kwamba unga huo, ukimulikwa na jua, waweza kuua vijidudu.

Mwaka 1972 Akira Fujishima na Kenichi Honda wa Japani walitangaza kuwa titani dioksaidi ikiwa majini na kumulikwa hupasua maji, ikatoa oksijeni na haidrojeni. Mwaka 1985 Tadashi Matsunaga na wenzake wakaonyesha kuwa huua bakteria pia. Siku hizi chembe zake hutengenezwa ndogo mno, hupimwa kwa nanomita. Nanomita milioni moja ndizo milimita moja. Chembe zikiwa ndogo, kijiko kile kile cha unga hupata uso mkubwa zaidi wa kupokea mwanga.

Kazi yafanyikaje? Jua lina miale ya urujuanimno, ambayo macho hayaioni. Miale hiyo ikiipiga chembe, elektroni zaruka kutoka mahali pake, na penye maji na hewa huzaliwa vitu vikali vinavyotoboa ngozi ya kijidudu. Ni kama kuunguza pasipo moto! Chembe yenyewe haipungui; kesho yafanya kazi tena. Lakini gizani imelala tu.

Basi, je, utie unga huo mtungini? La, hasha! Utaunywa, na Umoja wa Ulaya uliukataza katika vyakula mwaka 2022 kwa kuwa usalama wake haukuthibitika. Wataalamu huugandisha juu ya kioo au vigae.

Wala huna haja ya kuungoja. Jua peke yake laweza mengi, kama Aftim Acra na wenzake walivyoonyesha huko Beirut. Katika uchunguzi uliotangazwa mwaka 1996, watoto wa Kimasai huko Kenya waliokunywa maji yaliyoanikwa juani waliharisha kidogo kuliko wale ambao chupa zao zilikaa ndani ya nyumba.

Twaa chupa safi ya plastiki isiyo na rangi, isiyozidi lita 2. Ijaze, uifunge, uilaze juani saa 6. Mawingu yakitanda, siku 2 mfululizo. Maji yenye tope hayafai, maana mwanga haupenyi. Simamisha chupa juu ya gazeti hili, uchungulie toka mdomoni: usipoweza kusoma kichwa cha habari kilicho chini yake, yachuje kwanza.