Kabla Hujamwacha Paka kwa Daktari: Niliyojifunza Mbooni

Tulipokuwa Mombasa, suala la nani atabaki na paka halikuwahi kuniingia akilini. Mji wa Kale paka ni wa mtaa mzima. Ukisafiri wiki mbili kwenda harusini Lamu, jirani atamtupia vichwa vya samaki, na akisahau yeye, wachuuzi hawatasahau. Mtu angesema barazani kwamba anampeleka paka wake akalazwe kwa daktari wa mifugo kwa sababu anasafiri, wangemcheka mpaka adhana ya Isha.

Kisha kazi ikanileta Mbooni, Kaunti ya Makueni. Huku nyumba ziko juu ya vilima, kila moja na shamba lake la matuta, na jirani wa karibu unamwona kwa macho lakini kumfikia ni kushuka bonde na kupanda jingine. Paka, ambaye Wakamba humwita mbaka, ana kazi moja tu, nayo ni panya wa ghala la mahindi. Nilipomwomba jirani aniangalizie Halua, paka wa binti yangu tuliyekuja naye kutoka Pwani, mzee wa watu aliniuliza kwa upole kabisa: "Nimwangalie afanye nini? Panya si wapo?" Hakuwa na ubaya. Ila Halua wetu panya humtazama kama mgeni aliyekosea mlango.

Basi mwaka jana, tulipokuwa tunateremka Pwani kwa Idd, nikampeleka kwenye kliniki ya mifugo yenye vizimba vya kulaza wanyama, safari ya matatu mbili kutoka kwetu. Namna nilivyompeleka ndiyo aibu yangu. Asubuhi ya safari nilimkamata, nikamtia ndani ya kiondo, nikakifunga mdomo kwa kamba. Alilia njia nzima. Nikamkabidhi, nikaacha nambari ya simu, tukaondoka. Tulikuwa visiwani, mtandao unakuja na kupotea, na daktari alinitafuta siku mbili bila kunipata. Halua hakuwa ametia kitu kinywani tangu nilipomwacha. Nilipompigia siku ya nne, aliniambia masikio ya paka kwa ndani yameanza kuwa manjano, amemwekea maji kwa sindano na anataka ruhusa ya kumlisha kwa mpira. Binti yangu alikuwa amekaa karibu nami na alisikia kila neno.

Halua alipona, alhamdulillahi, kwa juhudi za daktari yule na si kwa akili yangu. Lakini nilirudi na maswali, na daktari alikuwa na subira ya kuyajibu. Mengi ya ninayoandika hapa yalianza kwenye kiti cha kliniki ile.

Kwanza, kule kutokula. Mbwa akisusa chakula siku tatu, hukonda tu. Paka mwili wake ni mwingine. Akikaa siku mbili tatu bila kula, mwili huanza kuyavunja mafuta yake na kuyarundika kwenye ini kwa kasi kuliko ini linavyoweza kuyatumia. Ini hushindwa, ndiyo manjano ile. Na cha ajabu, anayeangamia upesi ni paka mnene, yule tunayemsifu kwa shibe. Kwa hiyo maandalizi yote, ukiyatazama vizuri, yanatafuta jambo moja: paka akifika mahali pageni, ale.

Paka hali akiwa na hofu, na hofu huanzia kwenye chombo unachomsafirishia. Paka wengi hukiona kisanduku siku ya balaa tu, ndiyo maana wakikiona hukimbilia uvunguni. Kiweke sebuleni wiki mbili au tatu kabla ya safari, mlango wazi, mpe chakula humo humo, mwache alale akitaka. Si lazima ununue kile cha plastiki cha bei. Tenga la kuku lililofumwa vizuri, lenye mfuniko unaofungika, linafaa, mradi hewa ipite na asiweze kulipenya. Ndani weka leso kuukuu ya mama wa nyumba, na usiifue. Sisi wanadamu tunaona uchafu, paka ananusa nyumbani kwao. Leso ya pili ifunike tenga wakati wa safari, kwani asichokiona hakimtishi sana. Barabara za Mbooni zina kona za kumtapisha hata utingo, kwa hiyo asile saa tatu nne kabla ya kuondoka, na tenga likae mapajani mwako. Utingo atakwambia ulitupe juu ya keria pamoja na magunia ya maembe. Kataa.

Chanjo ndiyo inayotaka mipango ya mapema kuliko yote. Kuna chanjo ya pamoja inayokinga maradhi matatu: ile homa kali ya matumbo ya paka inayoua watoto wa paka kwa siku chache, na mafua mawili ya virusi yanayoenea upesi paka wakikaa vizimba jirani. Paka mkubwa asiyewahi kuchanjwa huhitaji sindano mbili, ya pili wiki tatu au nne baada ya ya kwanza, kisha mwili upewe kama wiki mbili ujenge kinga. Piga hesabu: ni mwezi na nusu. Anayekumbuka chanjo juzi ya safari amechelewa.

Halafu ipo ya kichaa cha mbwa, ambayo huanza kutolewa paka akitimiza miezi mitatu, na hii kwa Ukambani si jambo la kupitia juu juu. Kenya ilitoa mpango wa taifa mwaka 2014 wa kutokomeza vifo vya watu kwa kichaa cha mbwa ifikapo 2030, na kaunti tano zilizochaguliwa kuanza ni Siaya, Kisumu, Machakos, Kitui na hii yetu ya Makueni. Jina linatupoteza, tunadhani ni la mbwa peke yake. Paka aking'atwa na mbwa mgonjwa huugua, naye akimng'ata mtu humwambukiza. Fikiria yule kijana anayesafisha vizimba: anatia mkono ndani kwa paka aliyetishika, asiyejulikana historia yake. Kliniki ikikuuliza cheti cha chanjo, usione inakusumbua. Isiyouliza ndiyo ya kutiliwa shaka. Na mtu aking'atwa au kuparuzwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima, kisha hospitali siku hiyo hiyo kwa sindano. Dalili zikishaanza, hakuna dawa.

Viroboto nao. Watu wengi humwogesha paka kwa dawa ya kupe siku moja kabla, ili aende msafi. Huku kila kituo cha soko kina duka la agroveti, na rafu imejaa dawa za ng'ombe na mbwa. Tafadhali usiguse. Dawa nyingi za mbwa zina pamethrini, ambayo mbwa huivumilia, lakini ini la paka halina uwezo wa kuisafisha; humtetemesha, humtia kifafa, na mara nyingi humuua. Josho la ng'ombe pia si lake. Omba dawa iliyoandikwa kwamba ni ya paka, kwa uzito wake. Na maadamu tumefika kwenye sumu, panadoli ni sumu kwa paka, hata kipande. Namjua mtu mzima aliyempa paka nusu kidonge kwa huruma.

Jambo ambalo sikulifikiria kabisa ni choo. Paka wa Mbooni huchimba shambani. Kizimbani hukuta trei ya mchanga ambayo hajawahi kuiona, na wapo wanaojizuia. Dume akizuia mkojo kwa hofu, mrija wake mwembamba unaweza kuziba kabisa, na hiyo ni hatari ya siku moja mbili tu. Mzoeze nyumbani: beseni pana lisilo na kina, udongo wa shamba kwanza, kisha uchanganye na mchanga kidogo kidogo. Waulize kliniki wanatumia nini, na wewe utumie hicho hicho.

Chakula mfungashie chako, cha siku zote na ziada ya siku mbili, maana gari la kurudi si la kuaminika. Kama ni lazima ale chao, anza kumchanganyia wiki moja kabla. Halua ni wa ugali kwa dagaa, na hapo nina neno la pembeni. Mwaka 2004 sumukuvu ya mahindi iliua watu 125 Ukambani na maeneo ya jirani, Makueni na Kitui zikiumia zaidi. Mahindi yaliyoota ukungu, ambayo mtu anaona haya kuyapika, ndiyo huishia kwa kuku, mbwa na paka. Nao wana maini.

Nenda ukaikague kliniki kabla, bila paka. Mimi sikuenda. Tazama kama paka wamewekwa mbali na mbwa, kama vizimba viko juu ya usawa wa sakafu, na kama kuna mlango wa pili, ili paka akichopoka mkononi asiingie barabarani. Uliza daktari amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo. Hakuna wa kukasirika kwa swali hilo ila asiye na cheti. Na uombe boksi la kujificha. Watafiti wa Utrecht, Uholanzi, walionyesha mwaka 2014 kwamba paka wapya waliopewa boksi la kujifichia walitulia upesi kuliko wenzao wasiopewa. Boksi la sabuni kutoka dukani, bure.

Mwisho ni karatasi. Andika anakula nini na saa ngapi, dawa zake, na nambari mbili za simu, ya pili iwe ya mtu aliyebaki karibu, si msafiri mwenzako. Andika pia kwamba akikaa saa 24 bila kula waanze kumshughulikia, na kiasi gani cha fedha wasihitaji kukuuliza. Siku zile mbili daktari alizonitafuta, alichokuwa akingoja ni neno langu tu.

Mama mkwe wangu, nilipomweleza haya yote, alisema zama zao paka hawakuwa na karatasi. Kisha akanyamaza, akanikumbusha hadithi ya yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka, hakumlisha wala hakumwachia ajitafutie. Nilimwambia hiyo ndiyo iliyokuwa ikinizunguka kichwani usiku ule kule visiwani.

Mwezi ujao tunateremka tena. Tenga liko sebuleni tangu Ijumaa iliyopita, na Halua ameshaligeuza kitanda. Karatasi ya daktari ameiandika binti yangu mwenyewe, kurasa mbili. Nimeisoma. Nambari ya kwanza ni ya jirani yetu wa bonde la pili, aliyekubali kwa kicheko. Ya kwangu ameiweka ya tatu.