Kuyakumbuka Maneno ya Wananchi ni Kazi ya Kujifunza

Miaka michache iliyopita tulikwenda katika kijiji kimoja cha kaskazini ya Pemba kuzungumza na wananchi. Kabla mkutano haujafunguliwa, mzee mmoja mvuvi aliomba nafasi, akatutajia mambo saba ambayo wanakijiji walitukabidhi mwaka uliotangulia ili tuyafikishe mbele: bomba la maji, paa la skuli, dawa za kituo cha afya, mashine ya boti, njia ya kupitishia karafuu, gati, na mwalimu wa hesabu. Aliyataja kwa mpangilio, bila ya karatasi mkononi. Sisi tulikuwa tumeyafikisha mawili tu. Daftari lilipotea, na vichwani mwetu halikubaki ila bomba na paa. Hapana aliyetulaumu kwa sauti. Ukimya wa mkutano ule ulitosha.

Baadaye tulimwuliza mzee huyo amejaaliwaje kichwa kama kile. Alicheka, akasema kwamba yeye ni msahaulifu kama watu wengine. Siku ile ya kwanza aliyapanga mambo yote saba katika njia itokayo nyumbani kwake hadi pwani. Bomba aliliweka mlangoni, likimwaga maji hata kuingia ukumbini. Paa la skuli aliliezeka juu ya kisima. Mwalimu wa hesabu alimkalisha juu ya ngalawa iliyopinduliwa, akihesabu pweza. Kila alfajiri alipokwenda baharini aliyapitia, naye hakuyabeba, bali aliyakuta.

Mzee yule hakujua kwamba njia yake ni kongwe sana. Cicero, msemaji mashuhuri wa Roma, aliisimulia katika kitabu alichokiandika mwaka 55 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa. Alisema mwanzo wake ni mshairi Simonides wa kisiwa cha Keos huko Ugiriki. Mwanavisiwa mwenzetu, kwa hiyo. Hadithi yasema ukumbi wa karamu uliporomoka muda mfupi baada ya Simonides kuitwa nje, na maiti hazikutambulikana. Yeye aliweza kuzitambulisha kwa kukumbuka kila mtu alikuwa ameketi wapi. Hapo ndipo alipofahamu kwamba akili hushika mahali na sura kwa urahisi zaidi kuliko maneno matupu.

Nasi tuliopita chuoni tunaijua njia iliyo jirani na hiyo, ile ya kuunganisha. Nani kati yetu aliyejifunza herufi tano za kalkala mbalimbali? Mwalimu alizifunga katika tamko moja, kutbu jadi, na herufi sita za idghamu katika yarmaluna. Miaka thelathini imepita na matamko hayo hayajatutoka, ilhali mengi tuliyoyakariri skuli kwa kuyarudia kama kasuku yamekwisha kuyeyuka.

Wapo watakaosema haya ni mchezo wa watoto, au kwamba kumbukumbu ni kipaji cha kuzaliwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 katika jarida la Neuron waonyesha vingine. Watu wa kawaida walipewa maneno 72 wayakumbuke, na kwa wastani walishika baina ya 26 na 30. Wale waliofundishwa njia hii ya mahali, kwa nusu saa kila siku katika muda wa siku 40, waliongeza kiasi cha maneno 35.

Basi ofisa anayeondoka mjini kwenda kusikiliza watu na achague njia anayoijua hata gizani. Sisi tumechagua ile ya pwani kutoka Malindi: Mti Mkubwa, Kasri, Beit al-Ajaib, Ngome Kongwe, mpaka bustani ya Forodhani. Sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka Desemba 2020, lakini katika njia yetu ya moyoni bado imesimama, na barazani mwake tumepanga chupa za dawa za kituo cha afya, kila moja kubwa kama pipa. Ukubwa huo una maana. Dawa iliyowekwa juu ya meza haimshangazi mtu, kwa hiyo husahauliwa. Picha na iwe ya ajabu, yenye mwendo, hata ya kuchekesha.

Kisha ipitiwe mapema. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha mwaka 1885 kwamba sehemu kubwa ya tunachojifunza hutupotea mapema sana, kisha upotevu hupungua kasi. Ofisa na aanze matembezi yake ya moyoni ndani ya boti ya kurejea Unguja, asingoje wiki ijayo. Hatusemi daftari litupwe: fedha, tarehe na vipimo mahali pake ni karatasini. Lakini daftari halimtazami mwananchi usoni anapouliza.

Mwaka huu tulirudi katika kijiji kile. Ilipofika zamu yetu tulianza Malindi, tukapita Mti Mkubwa ambao matawi yake tumeyaezeka kwa mabati ya skuli, tukamalizia Forodhani. Mambo yote saba yalikuwako, na tuliweza kueleza kila moja limefika wapi, yakiwemo mawili ambayo bado hayajaanzwa. Mzee alitusahihisha mara moja tu: gati, ambalo sisi tulilitaja mwisho, yeye alikuwa amelitaja la sita.