Somo la Afya: Kupunguza Uzito Kuna Mwisho Wake

Natumaini nyote mmekwisha kaa, na kila mmoja anayo karatasi na penseli. Leo tutafanya hesabu kidogo. Tena tutahitaji kamba nyembamba, ndefu kuliko mtu. Kiongozi wa kikundi, kama kamba haijaletwa, mtume mtu mmoja aifuate huku sisi tukiendelea.

Twajua kwamba unene uliozidi huleta maradhi: shinikizo la damu, kisukari, maradhi ya moyo na maumivu ya magoti. Kwa sababu hiyo watu wengi wameanza kupunguza uzito, nao wamefanya vema. Lakini kuna swali ambalo wachache hujiuliza: Je, niache lini? Abiria asiyejua kituo chake hupitishwa. Kadhalika mtu anayepunguza uzito bila kujua mwisho wake aweza kuipita afya aliyokuwa akiitafuta.

Tuseme yuko mama mmoja, mshonaji wa nguo. Urefu wake ni mita 1 na sentimita 60, na uzito wake ulikuwa kilo 80. Zahanati walimwambia kuwa shinikizo lake la damu limepanda. Basi akapunguza wali na ugali, akaacha soda na vitumbua, akawa anakwenda sokoni kwa miguu. Baada ya mwaka mmoja na nusu akawa na kilo 62. Majirani wakamsifu. Lakini yeye ataka kufika kilo 52, kwa kuwa ndio uzito aliokuwa nao siku ya harusi yake. Sasa ameanza kuacha chakula cha mchana. Na ndoo ya maji ya lita 20, ambayo zamani aliibeba mwenyewe, siku hizi inamshinda. Je, aendelee au aache?

Hesabu ya uzito

Shikeni penseli. Chukua uzito wako kwa kilo, ugawanye kwa urefu wako kwa mita. Jibu utakalopata, ligawanye tena kwa urefu ule ule.

Tumpime yule mama kabla hajapungua: 80 gawanya kwa 1.6 ni 50. Halafu 50 gawanya kwa 1.6 ni 31 na kidogo. Sasa tumpime leo: 62 gawanya kwa 1.6 ni 38.75. Gawanya tena kwa 1.6, utapata 24 na kidogo.

Shirika la Afya Duniani husema kwamba kwa mtu mzima jibu la kutoka 18.5 hadi kabla ya 25 ni zuri. Likiwa 25 au zaidi, uzito umezidi. Likiwa 30 au zaidi, huo ni unene wa maradhi. Likiwa chini ya 18.5, mtu huyo amekonda kupita kiasi. Kwa hiyo mama yetu alitoka katika unene wa maradhi, na sasa yumo katika uzito mzuri. Hesabu hii si ya watoto, wala si ya mama mjamzito.

Jambo jingine la kukumbuka ni hili. Faida haimngoji mtu mpaka afike mwisho. Mtu mnene akipunguza sehemu 5 hadi 10 katika kila 100 za uzito wake, mara nyingi shinikizo la damu na sukari huanza kushuka. Kwa mwenye kilo 80, hizo ni kilo 4 hadi 8 tu.

Kipimo cha kamba

Mizani ina upungufu wake. Haiwezi kutenganisha mafuta na misuli. Mchukuzi wa magunia aweza kuwa mzito kwa sababu ya misuli, na mtu mwembamba aweza kuwa na mafuta mengi tumboni. Mafuta ya tumboni ndiyo yenye hatari kubwa.

Basi chukueni kamba. Simama wima bila viatu, mwenzako apime urefu wako kwa kamba hiyo, kutoka unyayo hadi utosi, akate. Kisha ikunje katikati. Toa pumzi kama kawaida, uizungushe kamba iliyokunjwa kiunoni, kati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga. Usiingize tumbo ndani! Ncha zikikutana na nafasi ikabaki, kiuno chako ni chini ya nusu ya urefu wako, nayo ni dalili njema. Zisipokutana, una kazi bado.

Kiuno cha mama yetu ni sentimita 78, na nusu ya urefu wake ni sentimita 80. Kamba inatosha. Mizani na kamba vyote viwili vyamwambia kuwa amefika.

Kwa nini asiendelee?

Mwili usiopata chakula cha kutosha hauchomi mafuta peke yake. Huchukua pia katika misuli. Mizani hufurahisha kwa kuwa namba imeshuka, kumbe sehemu ya kilichopotea ni nguvu za mikono na miguu. Ndiyo sababu ndoo imekuwa nzito. Tena, mwili uliopungua huhitaji chakula kidogo kuliko ule wa zamani. Kwa hiyo kadiri mtu anavyopungua, kila kilo huwa ngumu kuliko iliyotangulia. Asiyejua jambo hili hudhani amekuwa mvivu, akazidi kujinyima.

Ukiona kizunguzungu, uchovu usiokwisha, nywele kukatika, au hedhi kukoma kabla ya wakati wake, acha kujinyima, uende zahanati. Na mtu anayekonda bila kukusudia asishangilie hata kidogo. Aende akapimwe upesi, maana kifua kikuu, kisukari na maradhi mengine huanza hivyo.

Makondakta wa London

Labda mtauliza: Je, nguvu za mwili zina faida yake mbali na wembamba? Jibu mojawapo lilitoka katika mabasi ya ghorofa mbili ya jiji la London, Uingereza. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris na wenzake walitangaza uchunguzi wao juu ya wafanyakazi wa mabasi hayo. Dereva alikaa kitini siku nzima. Kondakta alipanda na kushuka ngazi siku nzima akikata tiketi. Ikaonekana kuwa makondakta walipatwa na maradhi ya moyo kwa uchache kuliko madereva.

Watu wakasema, pengine madereva walikuwa wanene tu. Morris na wenzake wakaangalia vipimo vya sare zao, na kweli, suruali za madereva zilikuwa pana zaidi kiunoni. Lakini hata walipolinganisha wanene kwa wanene na wembamba kwa wembamba, makondakta bado walikuwa na nafuu. Kwa hiyo kazi ya mwili ina faida yake yenyewe, hata mizani isiposogea.

Kazi mpya ya mama yetu

Basi mama huyu aache kutafuta kilo 52, atafute nguvu. Afanye hivi:

1. Atembee kwa haraka dakika 30, siku 5 kila wiki. Jumla ni dakika 150. Mwendo unaofaa ni ule ambao mtu aweza kuzungumza lakini hawezi kuimba.

2. Siku mbili au zaidi kila wiki afanye kazi ya misuli: kuinuka kitini bila kushika kitu, kuusukuma ukuta kwa mikono miwili, kubeba ndoo nusu, kisha kuongeza maji kidogo kidogo.

3. Arudie chakula cha mchana, na humo ajenge misuli: maharage, kunde, dagaa, mayai au maziwa, pamoja na mboga. Asirudie soda na vitumbua vya kila siku.

4. Ajipime mara moja kwa wiki. Kilo moja huweza kupanda na kushuka kwa ajili ya maji tu. Lakini kamba ikikataa kukutana tena, apunguze chakula kidogo.

Mwenye kutumia dawa za kisukari au za shinikizo la damu azungumze kwanza na daktari wake, kwa sababu huenda dawa ikahitaji kupimwa upya.

Na yule ambaye kamba yake haijakutana asivunjike moyo. Aendelee kupunguza, lakini mazoezi ya misuli ayaanze leo. Hayangoji mwisho.

Maswali ya mazungumzo

1. Mtu ana urefu wa mita 1.5 na uzito wa kilo 54. Fanya hesabu. Je, apunguze uzito?

2. Kwa nini mizani peke yake haitoshi?

3. Katika kazi zako za kila siku, ni kazi gani iliyokuwa rahisi zamani na sasa ni nzito? Utafanya nini ili irudi kuwa rahisi?

Jadilianeni, na katibu aandike majibu. Kwaherini, wasikilizaji, hadi somo lijalo.