Taya la Kanam na Ushahidi wa Mashapo

Masika yakikolea, Mto Kuja unaopita karibu na Rongo hugeuka rangi ya matofali kwa udongo wa milima ya Kisii. Kwenye miteremko maji huzoa kila kitu. Yakifika tambarare za Nyatike, karibu na Ziwa Victoria, huishiwa nguvu, na kama mchukuzi aliyechoka hutua vizito kwanza: changarawe, kisha mchanga, mwishowe tope na udongo wa mfinyanzi. Vinavyotuliwa hivyo ndivyo mashapo, na sayansi ya kuyachunguza ni sedimentolojia.

Jina hilo lilipendekezwa mwaka 1932 na Hakon Wadell, mzaliwa wa Sweden aliyefanya kazi Marekani. Si kwamba mashapo hayakuwa yakisomwa kabla yake. Yalisomwa sana, ila hasa kwa jicho la stratigrafia, yaani tabaka lipi liko juu ya lipi na lina umri gani. Hadi leo wataalamu hawalitumii jina hilo kwa namna moja. Wapo wanaolitandaza lifunike kila kinachohusu miamba ya mashapo. Wengine, nami niko upande wao, hulibana kwenye swali moja: chembe hizi zilifikaje hapa?

Mabishano haya yanaweza kuonekana ya darasani tu. Basi shika barabara ya kutoka Rongo hadi Homa Bay, uendelee mpaka Rasi ya Homa, uone uzito wake.

Machi 1932, mwaka uleule wa Wadell, Juma Gitau wa kikosi cha mwanaakiolojia Louis Leakey alipata kipande cha taya la binadamu huko Kanam. Leakey alifanya hesabu ya tabaka: hapa pana mifupa ya wanyama waliotoweka zamani sana, taya limetoka papa hapa, basi nalo ni la zamani hizo. Akalipa jina la Homo kanamensis na kulitangaza kuwa la mababu zetu.

Mapema mwaka 1935 akaja Percy Boswell, profesa wa jiolojia wa Imperial College, London, aliyebobea katika mashapo, kupakagua mahali hapo. Vyuma ambavyo Leakey alikuwa amevichimbia ardhini kama alama havikuwapo tena, na picha aliyokuwa ameionyesha Uingereza kuwa ya hapo ilikuwa ya mahali pengine. Masimulizi mengi huishia kwenye fedheha hiyo. Hoja nzito zaidi ilikuwa kwenye udongo wenyewe. Kuta za makorongo ya Kanam humomonyoka na kuteleza, udongo wa mfinyanzi wa juu ukashuka na kuchanganyika na wa chini. Kwa hiyo mfupa unaweza kulala ndani ya tabaka lisilo lake. Boswell alichapisha pingamizi lake katika jarida la Nature mwaka huohuo, na sifa ya Leakey ikachafuka kwa miaka. Kwa maoni yangu Boswell alimwadhibu mtu kupita kiasi, lakini kuhusu udongo alikuwa sahihi. Wataalamu wengi sasa hawalipi taya hilo ukale aliodai Leakey.

Waliokuja baadaye katika rasi hiyo walianza na swali la Boswell: je, kilichopatikana kimelala katika tabaka lake? Kusini mwa Kanjera, kikosi cha Thomas Plummer kilifukua zana za mawe na mifupa ya wanyama ya miaka ipatayo milioni 2. Vilikuwa vimelala katika mchanga na tope laini, dalili ya maji ya nguvu ndogo. Maji yanayotua chembe ndogo hivyo hayawezi kusukuma mawe ya ukubwa wa ngumi, na baadhi ya mawe hayo asili yake ni zaidi ya kilomita 10 kutoka hapo. Aliyeyaleta ana mikono. Angalia jinsi ushahidi ulivyopatikana: ukubwa wa chembe za udongo ndio uliowezesha kuuondoa mto katika orodha ya washukiwa.

Nyayanga, kwenye rasi hiyohiyo, imetoa zana za kale zaidi, za kati ya miaka milioni 2.6 na 3, pamoja na mifupa ya viboko yenye alama za kuchinjwa na magego ya Paranthropus, jamaa wa kale wa binadamu. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Science mwaka 2023. Umri huo ulitegemea kwa sehemu mashapo yenyewe, kwa kuwa chembe zake huhifadhi mwelekeo wa usumaku wa dunia wa wakati zilipotua.

Kwa wanaochimba mchanga na kulima kando ya makorongo ya Homa: mkikuta mfupa uliogeuka jiwe, au jiwe lililochongwa, msiling'oe kwenda kulionyesha sokoni. Liacheni lilipo, pigeni picha ya ukuta mzima wa udongo, kisha waarifuni Makavazi ya Kitaifa ya Kenya. Likishatengwa na udongo wake, hata mtaalamu hodari hawezi kulirudishia ushahidi huo.