Kabla Mayai Hayajafifia

Anayefundishwa kutafuta mayai ya minyoo ya safura kwenye hadubini hupewa onyo moja mapema: wahi. Kinyesi huchekechwa kwenye wavu, kikajazwa juu ya kioo katika kitundu kinachobeba miligramu 41.7, kisha kikafunikwa kwa selofeni iliyolowekwa glisirini. Glisirini hukifanya kinyesi kipenye mwanga mpaka mayai yaonekane. Lakini ikipita saa moja hivi, glisirini hiyohiyo huyafifisha mayai ya safura yasionekane tena. Ukichelewa, unaandika sifuri kwa mtoto mwenye minyoo. Na kwa kuwa idadi huzidishwa kwa 24 ili kupata mayai ya gramu moja, ukikosa yai moja umekosa 24.

Naanza na kioo hicho kwa sababu kila tunapozungumzia kukiinua chuo kikuu kisiwani Pemba, mazungumzo hukimbilia kompyuta na utiaji saini wa mikataba, ilhali ujuzi wa hadubini tayari upo kisiwani.

Maabara ya Afya ya Jamii ya Wawi, Chake Chake, ilifunguliwa mwaka 2000 kwa ushirikiano wa Wizara ya Afya ya Zanzibar na taasisi ya Italia yenye jina la Ivo de Carneri, mtaalamu wa vimelea. Pemba wakati huo ilitegemea jenereta za dizeli. Waya wa umeme wa chini ya bahari kutoka Tanga, uliolazwa kwa msaada wa Norway, ulianza kazi 2010. Aliyewahi kulinda sampuli ndani ya jokofu anaijua miaka kumi hiyo.

Hata hivyo, kisiwa hakikungoja. Utafiti wa Pemba uliochapishwa kwenye jarida la The Lancet mwaka 2006 ulionesha kwamba watoto wadogo waliopewa madini ya chuma kila siku, mahali penye malaria nyingi, walilazwa hospitali au kufariki zaidi kuliko wasiopewa. Shirika la Afya Duniani likabadilisha ushauri wake. Mwaka 2023 jarida la New England Journal of Medicine likatoa matokeo mengine ya Pemba, ya dawa iitwayo emodepside dhidi ya minyoo mjeledi, ambao dawa ya kawaida, albendazole, huwashinda kwa nadra.

Sasa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, kina kampasi yake Mchangamdogo, Wete, na kimo katika mradi wa HEET, mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425 kwa elimu ya juu Tanzania. Majengo tunayahitaji. Ila ushirikiano ninaoutamani mimi ni wa kumkalisha mwanafunzi wa Mchangamdogo mbele ya hadubini ya Wawi, si wiki moja ya kutembezwa, bali msimu mzima, mpaka mkongwe akisoma kioo kilekile hesabu zao zikaribiane. Tena awepo tangu swali la utafiti linapotungwa. Watafiti wageni wanakijua vizuri sana kichocho, ambacho huambukizwa majini, lakini yeye ndiye anayejua watoto wa shehia yake huogelea kijito gani wakitoka skuli.